Si Mjusi: Juu ya Mbuai wa Tendaguru na Jina Tulilompa

Nimeketi kuandika ili kulishitaki neno moja. Neno lenyewe halina hatia mahali pake. Ni neno letu la zamani, nalo humtaja mnyama mdogo mpole apandaye kuta zetu, alaye mbu na nzi, ambaye akikamatwa hukata mkia wake akaenda zake. Mjusi ni jirani wa kila nyumba, wala sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni juu ya wale waliomtoa ukutani wakampeleka Tendaguru, na jina lake wakamvika mnyama mwingine asiyefanana naye kwa mwendo, kwa makao, kwa chakula wala kwa nasaba. Miongoni mwa hao wamo wasomi wenzangu, wamo waandishi wa magazeti, wamo waheshimiwa wabunge. Na kwa muda mrefu nilikuwamo mimi mwenyewe.

Sababu ya kuandika sasa ni hii. Mwaka jana nililetewa mswada wa kitabu cha watoto juu ya wanyama wa kale wa nchi yetu, niusome na kuusahihisha lugha. Nilikuwa likizoni kwetu Mgololo, huku Mufindi, katika mabonde yale yaliyojaa misonobari na moshi wa kiwanda cha karatasi. Sura ya nne ilimhusu dinosaria mkubwa aliyekuwa akiwala wenzake, na kichwa chake kilikuwa “Mjusi Mkali Mla Nyama.” Chini ya kichwa palichorwa picha: mnyama mrefu, tumbo linaburura mchanga, miguu imetanuka kando, ulimi wenye ncha mbili unatoka kinywani. Nilikata neno mjusi kwa wino mwekundu kila lilipotokea, nikaandika dinosaria, na mahali pengine mbuai. Mswada uliporudi kwangu kwa mara ya pili mjusi walikuwa wamerejea wote, hata mmoja hakupotea, na pambizoni mhariri ameandika ya kuwa wasomaji wamekwisha kulizoea jina hilo na haifai kuwasumbua.

Basi picha ile niliiacha juu ya meza barazani. Akapita mzee mmoja jirani yetu, aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kukata miti katika misitu ya Sao Hill. Tukaamkiana kamwene, akaketi, akaiona picha.

“Huyu ndiye mjusi wa Lindi wanayemsema?” akauliza.

Nikamjibu kuwa ndivyo walivyoandika, ila huyu si yule aliye Ulaya. Huyu ni mla nyama, na yule mkubwa alikuwa mla majani.

“Na huyu alikuwa akila nini?”

“Alikuwa akiwala hao wala majani, mzee. Wengine urefu wao ulipita mita 20.”

Mzee aliitazama tena picha, kisha akacheka. “Haiwezekani, mwalimu. Mjusi haamki kabla ya jua. Wala mjusi hafukuzi kitu, hungoja kimjie. Huyu alikuwa akingoja wafe kwanza.”

Naomba msomaji ayapime maneno hayo, kwa kuwa hoja yangu yote imo ndani yake. Mzee hakukosea katika kufikiri. Alianza na neno alilopewa, akafuata maana yake hatua kwa hatua kama mtu mwenye akili afanyavyo, akafika mahali pasipo na ukweli. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa katika neno, na neno hilo lilikuwa limetolewa na watu waliosoma.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe. Kilima cha Tendaguru kiko katika mkoa wa Lindi, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji huo. Leo pale ni pori na mashamba. Miaka milioni 150 iliyopita palikuwa pwani. Bahari ilikuwa ikifunguka kati ya Afrika na nchi zilizokuja kuwa Bukini na Bara Hindi, na ukingo wake ulikuwa wangwa mpana, wenye mafungu ya mchanga, hori za maji yasiyo chumvi sana wala matamu, na matope yaliyofunikwa kila maji yalipojaa na kuachwa wazi kila yalipokupwa. Mtu wa Kilwa au wa Mafia angeijua nchi ile kwa harufu, lakini asingeona mkoko hata mmoja, kwa sababu miti yenye maua ilikuwa haijatokea katika nchi ile. Nyasi pia hazikuwapo. Zilikuwapo kangaga, na upande wa bara ilikuwapo misitu ya miti ambayo ni jamaa za mbali za misonobari yetu ya Mgololo. (Misonobari hii yetu si ya kwetu, aina iliyoenea sana huku ililetwa kutoka Meksiko. Lakini mwenye kutaka kuonja kidogo hali ya msitu wa zama zile, msitu usio na ua wala tunda, na aingie katika shamba la paina la Mufindi wakati wa ukungu.)

Palikuwa na majira ya mvua na majira marefu ya ukame. Ukame ulipozidi, makundi ya wala majani yaliteremka karibu na maji, yale mapandikizi yenye shingo kama mlingoti, na pamoja nao wadogo wenye miiba mgongoni, na wengine wepesi waliokimbia kwa miguu miwili. Wengi walikwama na kufa katika tope, mifupa yao ikafunikwa, na bahari ikaja juu yake. Ndiyo maana katika majabali ya Tendaguru tabaka zenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu hufuatana na tabaka zenye kombe na konokono wa baharini, tena na tena, kana kwamba nchi na bahari zilikuwa zikipokezana zamu.

Katika wangwa huo ndimo alimotembea mbuai wetu. Au niseme mbuai zetu, maana hawakuwa wa aina moja. Mmoja hukadiriwa kuwa na urefu kati ya mita 8 na 10, naye anajulikana kwa pingili za mkia tu. Pingili hizo zilikaa Berlin karibu miaka 100 kabla hazijapewa jina mwaka 2011. Wengine wanajulikana kwa meno yaliyotawanyika, meno bapa yaliyopinda nyuma, yenye kingo za msumeno kama kisu cha mkate. Meno hayo hayakuwa ya kudumu: liling'oka moja likaota jingine, maisha yote ya mnyama, na hivyo kila mahali alipokula yamkini aliacha sahihi yake. Yupo na wa tatu, mwembamba mwenye miguu mirefu, wa mita 6 hivi, ambaye kiunzi chake kisicho na fuvu kimesimamishwa Berlin. Wataalamu wa siku hizi wanatia shaka kama huyu alikuwa mla nyama kweli.

Je, mjusi yuko wapi katika hayo? Miguu ya mjusi hutoka kando ya mwili, na ndiyo maana huburura tumbo. Miguu ya mbuai wa Tendaguru ilisimama wima chini ya nyonga kama nguzo chini ya boriti, naye alitembea kwa miwili tu, mkia ukinyooka nyuma kumsawazishia uzito. Mifupa yake mingi ilikuwa na uvungu wa hewa. Jamaa zake walikuwa na ule mfupa wa umbo la panda ulio kifuani mwa kuku, ambao kila mtoto wa Kitanzania ameuona katika sahani ya sikukuu. Ukikata mfupa wa dinosaria kama yeye na kuutazama kwa hadubini, utaona alama za kukua upesi, kama wakuavyo ndege na wanyama wanyonyeshao, si kwa mwendo wa pole wa kenge. Na huko China, tangu mwaka 1996, wamechimbuliwa jamaa zake wadogo wenye manyoya. Kwa ufupi, ndugu zake walio hai leo ni ndege. Mamba ni binamu yake wa mbali. Mjusi ni mtu baki kabisa, aliyetengana na ukoo huo zamani mno kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa.

Huenda msomaji akasema: je, si Wazungu wenyewe walioanza? Kweli, wao ndio walioanza. Mwaka 1824 William Buckland wa Oxford alimpa mbuai mmoja wa Uingereza jina la Megalosaurus, yaani mjusi mkubwa, naye ndiye dinosaria wa kwanza kupewa jina la kitaalamu. Mwaka 1842 Richard Owen akaliunda jina la ukoo mzima kwa Kiyunani, maana yake mjusi wa kutisha. Na matokeo ya jina lile tunayajua, kwa kuwa yamesimama mpaka leo katika bustani ya Crystal Palace jijini London. Huko, mwaka 1854, Benjamin Waterhouse Hawkins alimfinyanga Megalosaurus kwa ukubwa wake. Akamtengeneza mnyama mnene wa miguu minne, mchanganyiko wa mamba na kifaru. Walikuwa na mifupa michache, na pale mifupa ilipokwisha neno lilishika kazi ya kujaza mapengo. Sivyo alivyofanya mzee wangu wa Mgololo? Tofauti ni kwamba Waingereza walikuja kujirekebisha kwa mifupa zaidi, na jina lao likabaki katika Kiyunani, lugha ambayo mtoto wa Kiingereza haisikii. Mtoto yule akisema jina la dinosaria, hasikii mjusi ndani yake. Mtoto wetu husikia. Sisi tulilifungua jeneza la kosa lililokwisha kuzikwa, tukalitafsiri Kiswahili fasaha, tukalipa uhai mpya.

Nimejibiwa mara nyingi juu ya jambo hili, na jibu moja lina nguvu, nalo ni lazima lipewe heshima yake. Mwenzangu mmoja, hodari wa maana za maneno, aliniambia: “Ndugu yangu, mbona twaita ndege chombo kirukacho cha chuma, na hakuna mtoto adhaniye kuwa kinataga mayai? Maneno hupanuka. Mwache mjusi apanuke.” Nilirudi nyumbani nimeshindwa, na kwa siku mbili sikuwa na la kusema. Lakini tazama. Ndege ya chuma tunaiona. Inapita juu ya vichwa vyetu, tunaingia ndani yake tukiwa na nauli, na macho yetu husahihisha neno kila siku. Mbuai wa Tendaguru hakuonwa na mwanadamu yeyote. Kwa mtoto wa Mgololo, asiye na jumba la makumbusho karibu, mnyama huyo hana mwili mwingine ila neno tumpalo. Neno likipotoka, hakuna jicho la kulisahihisha. Hapo kupanuka kwa maana hakupo. Kuna kupotea njia tu.

Wako na wengine wasemao kuwa dinosaria ni neno la kigeni, na kwamba wapenda lugha wangetafuta la asili. Kwao nina jibu fupi: kitabu, meza, shule na karatasi ni za wapi? Neno la kukopa lisilosema kitu ni bora kuliko neno la asili lisemalo uongo. Wala sikubaliani na wale wamkimbiliao joka au zimwi au dubwana. Hayo ni maneno matamu ya ngano, na yabaki katika ngano. Mnyama huyu alikuwa na jasho la kutafuta riziki kama simba wa Ruaha, wala hakuwa na uchawi wowote. Kwa mwindaji mla nyama tunalo neno mbuai, ambalo limelala kamusini bila kazi. Na liamshwe.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni jingine. Msomaji na ayatazame majina ya kitaalamu ya wanyama wa Tendaguru, aone ni nani aliyetukuzwa kwa mifupa yetu. Yule mwepesi mla majani aliyekimbia kwa miguu miwili, ambaye bila shaka alikuwa kitoweo cha mbuai, alipewa mwaka 1919 jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani aliyeiburuza nchi hii katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Yule mwembamba wa mita 6 alipewa mwaka 1920 jina la Bamberg, tajiri aliyesaidia fedha za safari. Mtu atasema hayo ni ya zamani. Basi mwaka 2012, miaka 51 baada ya uhuru wa Tanganyika, mbuai mmoja ajulikanaye kwa meno tu aliitwa Ostafrikasaurus. Ni jina la koloni, kwa Kijerumani, juu ya jino lililochimbwa na watu wa Lindi ambao miaka michache nyuma walikuwa wametoka katika vita vya Majimaji, wakabeba mifupa kwa vichwa na mabega mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini, zaidi ya tani 200, kati ya mwaka 1909 na 1913. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilingoja hadi mwaka 2007 ndipo likapewa dinosaria mmoja. Na mwaka 2019 Wamwera nao wakakumbukwa katika jina la mwingine.

Hapo ndipo aibu yetu inapoanza. Maana wako wageni waliofanya vizuri kuliko sisi. Tusivuke mbali, tubaki nyanda hizi za juu za kusini. Katika bonde la Ruhuhu, upande wa pili wa milima ya Livingstone, mwaka 2010 mnyama mmoja jamaa ya dinosaria alipewa jina la Asilisaurus kongwe. Katika bonde la Rukwa, kule Mbeya na Songwe, mwaka 2017 alitangazwa Shingopana, mla majani mwenye shingo pana. Na mwaka 2019 Eric Gorscak na Patrick O'Connor walimtangaza mwingine wa bonde hilo hilo, aliyeanza kuchimbuliwa mwaka 2004 penye mto Mtuka, ambaye mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Wakamwita Mnyamawamtuka moyowamkia. Tamka polepole: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Hawakutia saurus ndani yake. Walipotaka kumtaja dinosaria kwa Kiswahili, Wamarekani hao walichagua neno mnyama. Sisi wenye lugha tunaandika mjusi.

Na isidhaniwe kuwa haya ni mabishano ya walimu wenye muda mwingi. Bungeni limeulizwa zaidi ya mara moja swali la kurudishwa kwa “mjusi” aliye Berlin. Swali ni la haki, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Walakini anayedai mali yake hana budi aijue. Aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ni mla majani, tena kiunzi chake kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Hayuko peke yake. Mbuai nao wako huko, pingili na meno, katika droo ambazo mtalii hazioni. Katika madai yetu yote sijasikia mtu akiwataja. Jina la mjusi, kwa umoja, limetufanya tudhani kuwa kilichotoka Tendaguru ni kioja kimoja, na ya kuwa kioja kikirudi deni limelipwa. Kumbe ilitoka nchi nzima: walaji na walioliwa, kombe na miti. Nakiri kuwa neno mjusi limekuwa bendera ya madai hayo, na si jambo jepesi kuivua bendera wakati watu wamekwisha kujipanga nyuma yake. Hata hivyo sioni kwamba madai yatapungua nguvu yakisemwa kwa usahihi.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza niliwauliza wanitajie dinosaria mla nyama. Wote walimtaja Tyrannosaurus wa Marekani, waliyemwona katika filamu. Hakuna aliyejua kwamba Tyrannosaurus alikuja zaidi ya miaka milioni 80 baada ya mbuai wa Lindi, na hivyo kwa hesabu ya miaka yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na hao. Wala hakuna aliyejua kuwa yule wa pingili za mkia ni miongoni mwa watu wa kale kabisa wanaojulikana wa ukoo uliokuja kutoa majitu ya Sahara na Ajentina, yanayoshindana na Tyrannosaurus kwa ukubwa. Jina la kitaalamu la huyu wetu ni Veterupristisaurus milneri. Maana yake, kwa Kilatini na Kiyunani kilichochanganywa, ni mjusi papa wa kale, na milneri ni kwa heshima ya mtaalamu mmoja wa London. Sitamlaumu mwanafunzi kwa kushindwa kulitamka. Namlaumu mwalimu wake, ambaye ni mimi, kwa kutompa jina jingine la kuliitia.

Mswada ule nimeupeleka kwa mara ya tatu. Mjusi wote nimewakata tena. Juu ya sura ya nne nimeandika “Mbuai wa Wangwa wa Tendaguru,” na kando ya picha nimemwomba mchoraji amnyanyue mnyama juu ya miguu miwili, amwondolee ulimi wa ncha mbili, amweke ufukweni maji yakikupwa, na nyuma yake achore misonobari. Jibu halijaja bado. Mzee wangu wa Mgololo ameniahidi kuitazama picha mpya itakapofika, na ameniuliza kama mnyama huyo alikuwa akiwika.